Paa wa Jumamosi

Kufikia saa tisa na robo Jumamosi ile, Ramani alikuwa ameshawanyeshea mvua ya mawe, amewabomolea daraja nyuma yao, na amewaletea fisi kumi na wawili wa kuwasukuma kuelekea mlangoni. Fisi kumi na wawili! Hata mtu mwenye akili za kuazima, akifukuzwa na fisi kumi na wawili na mbele yake kuna nyumba iliyoachwa mlango wazi, anaingia. Wachezaji wake watatu hawakuingia. Walikuwa wameketi kuizunguka meza yake ya kulia chakula, wanakunywa chai yake, wanabishana kama fisi anapanda mti.

"Fisi hapandi mti," alisema Mwalimu, aliyefundisha hesabu na hakuwahi kusema jambo bila kuinua kidole. "Swali ni kama mti wenyewe upo. Msimulizi hajatuambia."

"Hakuna mti," alisema Ramani.

"Hata mmoja?"

"Kuna nyumba, Mwalimu. Nyumba ina mlango. Mlango uko wazi."

"Mlango ulioachwa wazi ni mtego," alisema Wifi huku akichovya mkate kwenye chai. "Mimi siingii. Napiga kambi hapa hapa nje."

"Na fisi?"

"Nitaongea nao."

Ramani alifumba macho akahesabu hadi kumi, akafika sita akashindwa.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, hauna ubao wala karata. Mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja amebeba mtu wake wa kubuni na anasema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa gumu hurushwa dadu: namba kubwa umefaulu, namba ndogo umeumia. Basi, hakuna la ziada. Hadithi ya namna hiyo inaweza kwisha kwa siku moja, na ikizidi sana mwezi. Hii yao ilikuwa na miaka kumi na moja, kila Jumamosi saa tisa, na msimulizi yalikuwa yamemfika shingoni.

Jina la Ramani alikuwa amepewa kazini. Kwa miaka ishirini na tatu alichora ramani za nyumba katika ofisi ya msanifu majengo: vyumba vinne na choo, vyumba vitatu na choo, ghorofa moja na vyoo viwili. Yeye alichora, msanifu akatia sahihi. Mara moja tu, kabla mchezo haujaanza, alichora nyumba aliyoitaka mwenyewe. Aliichora kwa miezi mitano, saa za chakula cha mchana, akiwa na kalamu ya risasi na rula yake ya chuma. Msanifu aliitazama kwa muda wa kupiga chafya mbili, akaikunja. "Nzuri," alisema, "lakini nani atakaa humu? Nipe vyumba vinne na choo."

Akaibeba nyumba yake kwapani akarudi nayo nyumbani. Kama hakuna mtu wa kuijenga kwa matofali, alijiambia, basi ataijenga kwa maneno, na watu wataingia wauguse ukuta kwa mkono. Ndipo alipoanzisha mchezo. Nyumba ile aliiweka katikati ya hadithi, kurasa arobaini za daftari la jalada gumu, na siku ya kwanza kabisa aliwaambia wachezaji wake watatu wazi: "Kuna nyumba. Siku mtakapoingia humo mtakuwa mmefika mwisho wa safari."

Kisha akaharibu mambo mwenyewe, kwa neno moja.

"Kwa mbali," alisoma siku ile, "juu ya ukungu, mnaona paa."

Kwa mchora ramani, paa ni kitu kimoja tu: ni mbao za kenchi, ni mteremko wa maji, ni kile kinachovuja fundi akikuibia misumari. Hakuwaza kabisa kwamba mchezaji wa tatu, rafiki wa mumewe, aliyekuwa ametoka kufunga bucha lake nusu saa iliyopita na bado ananukia sabuni na mafuta ya ng'ombe, angelisikia neno lile akaona miguu minne na mnofu.

"Yuko peke yake?" aliuliza Bucha kwa sauti ya kunong'ona.

Ramani alidhani anamuulizia mwenye nyumba. "Ndiyo," alijibu.

"Namnyatia."

Dadu la pande ishirini lilizunguka mezani likasimama kwenye ishirini yenyewe. Wifi alipiga meza, Mwalimu akatangaza kwamba bahati kama hiyo huja mara moja katika ishirini, na Bucha, mwanamume mzima mwenye mabega kama kabati, akasimama kwa furaha na kuuliza paa ana macho ya rangi gani. Hapo ndipo Ramani alipoelewa. Angeweza kusema tu: "Liko." Silabi mbili, mambo yakaisha. Lakini utawaambiaje watu wenye furaha namna ile kwamba wananyatia mabati? "Ya kahawia," alisema. "Na pembe moja imekatika ncha." Bucha akarusha dadu tena ili apige mshale, akapata mbili, na paa akakimbia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ambaye kuta ndizo kazi yake aliujenga kwa miaka kumi na moja.

Walimfuata paa yule kuvuka jangwa. Walimfuata hadi kwenye mji ambao watu wake hawasemi siku ya Jumatano, wakafika Jumatano, wakacheza Jumamosi nzima kwa ishara za mikono hadi Wifi akateguka kidole. Kwa sababu ya paa, Wifi, ambaye ni mkunga na mtu wake ni shujaa mwenye mapanga mawili, alimzalisha mke wa jitu katikati ya vita, akazisimamisha pande zote mbili ziende kuchemsha maji. Kwa sababu ya paa, mchawi wa Mwalimu alikaa mnarani miezi mitatu akihesabu ngazi, kwa kuwa kila alipofika juu namba haikulingana na ya kushuka, na Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha namba isiyolingana. Watu wanaocheza michezo ya namna hii miji mingine hukumbuka, ukiwauliza, jinsi walivyoua joka. Hawa ukiwauliza walikumbuka ngazi.

Mara tatu paa alikuwa mbele ya upinde wa Bucha, hatua ishirini, amesimama ubavu. Mara zote tatu Bucha alilamba kidole, akakiinua hewani pale sebuleni kwa Ramani, akasema upepo haufai.

Na nyumba? Ramani aliwawekea kibao cha njia, wakakisoma na kugeuka. Akawawekea kikongwe wa kuwaelekeza, wakamwoza. Akaiwasha moto nyumba ya jirani ili wakimbilie humo, wakajitolea kuuzima moto. Ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa, ila mbuzi angalau hanywi chai. Kila Jumamosi jioni, wakishaondoka, aliosha vikombe kwa hasira mpaka mumewe akajifunza kutopita jikoni, kisha aliketi na daftari lake akaifungua nyumba, akaitazama, akafuta hapa na kuchora pale, akaifunga.

Angeendelea hivyo hata miaka mingine, pengine, lakini Bucha alikuwa ameuza duka. Binti yake alikuwa amemtafutia chumba kwake, mji wa mbali, na kesho asubuhi angepanda basi. Magoti yalikuwa yamechoka kusimama, na mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minne nyuma. Bila Bucha hakuna mchezo, wote walilijua hilo bila kusemeshana. Kwa hiyo ilikuwa leo. Kama hawangeingia leo, ile nyumba ingekaa bila mguu wa mtu hadi karatasi ziliwe na mende, na ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

"Sikilizeni," alisema. "Fisi wamewazunguka. Kulia, mwamba. Kushoto, mto umefurika. Nyuma, daraja limeanguka. Mbele, mlango. Mnafanya nini?"

"Mto una kina gani?" aliuliza Mwalimu.

"Mwalimu!"

"Nauliza tu. Kina na kasi. Tukijua hivyo viwili..."

"Unazama. Kina chake ni cha kuzama."

"Basi mimi nalala," alisema Wifi. "Nimechoka. Nimezalisha jitu."

"Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita, wifi yangu!"

"Uchovu wa uzazi hauishi."

Ramani alimgeukia Bucha kama mtu anayegeukia ndugu wa mwisho kwenye kikao. Bucha alikuwa amevaa shati la safari, jipya, lenye mikunjo ya dukani. Alilishika dadu kiganjani, akalizungusha, hakulirusha.

"Shemeji," alisema, "mimi naangalia nyayo za paa. Zinaelekea wapi?"

Aa, mlango ulikuwa huo! "Zinaelekea ndani ya nyumba," alisema Ramani haraka. "Nyayo mbichi kabisa. Zimepita mlangoni."

Bucha alifikiri. Alitikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama anavyomkatalia mteja anayetaka maini saa kumi na moja jioni. "Haiwezekani. Hizo si zake. Paa ni mnyama wa nje, shemeji, haingii nyumbani kwa watu. Tuzunguke nyuma."

Rula ya chuma ilitua mezani kwa kishindo, vikombe vikaruka.

"Si mnyama!" Ramani alikuwa amesimama. "Si mnyama, si mnyama! Hajawahi kuwa mnyama! Nilisema paa. Paa *la* nyumba! Paa *liko* juu ya ukungu, limeezekwa, lina nyumba chini yake, mkaenda mkalikimbiza miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja mnawinda kenchi!"

Nje kulikuwa na mtu anapiga nyundo, akaacha, akaendelea. Ramani alingoja wacheke, au wakasirike. Badala yake Wifi alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akaitazama chai yake, na kwa namna walivyokwepa macho Ramani akajua.

"Nyinyi mlijua."

"Mimi aliniambia yeye," alisema Wifi, akimnyooshea Mwalimu mkate.

Mwalimu alikohoa. "Nililiona daftari. Mwaka ule wa kwanza, ulikwenda kuepua chai. Ukurasa wa pili umechora mteremko wa paa, na vipimo. Nikasema loh."

"Loh? Ukasema loh, ukanyamaza? Miaka kumi na moja unanitazama nahangaika na vikongwe na vibao vya njia?"

"Ulisema tukiingia tutafika mwisho," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza hakuinua kidole. "Mimi Jumamosi sina pengine pa kwenda."

Ramani alitaka kumpiga kwa rula na alitaka kulia, akashindwa kuamua kipi kitangulie. Kumbe wakati wote alipodhani anawachunga wajinga, wajinga walikuwa wanamchunga yeye. Alifungua kinywa aseme maneno ambayo asingeweza kuyarudisha, ndipo akamwona Bucha.

Bucha hakuwa amejua. Alikuwa ameweka mikono yake mikubwa mezani, anaitazama kama ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo hakuwepo," alisema.

"Bucha..."

"Paa. Yule wa pembe iliyokatika." Aligeuza viganja juu. "Marehemu mke wangu alikuwa ananiuliza, kila Jumamosi nikirudi. Hata alipokuwa hospitali. 'Umempata?' Namwambia bado, mama, upepo haukufaa. Anacheka. Anasema usimpate, ukimpata utanikalia nyumbani hapa na harufu yako ya maini."

Ulimi hauna mfupa, wanasema, na Ramani aliutamani ule wake aumeze. Silabi mbili alizozikosa siku ya kwanza alikuwa amezipata leo, siku ambayo hakuna aliyezihitaji. Alikaa chini. Alijua hadithi imekufa pale mezani, nyumba imekufa nayo, na yeye ndiye aliyeshika kisu. Akaanza kukusanya vikombe ili mikono ipate la kufanya.

"Shemeji," alisema Bucha.

"Nisamehe."

"Hilo paa lenyewe. Ni la bati au la vigae?"

Ramani alikishika kikombe hewani. Katika miaka ishirini na tatu wateja walikuwa wamemuuliza itachukua muda gani, na kama choo kinaweza kusogezwa. Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"La vigae," alisema. "Upande wa mvua mteremko ni mkali, ili maji yasikae. Upande wa pili nimeulaza. Kuna kibaraza chini yake, unaweza kukaa mvua inyeshe usilowe hata kidole."

"Wazo zuri hilo." Bucha alivuta kiti karibu na meza. "Haya. Naingia."

"Rusha dadu," alisema Mwalimu kwa mazoea.

"La nini? Si amesema mlango uko wazi?"

Wifi aliacha mkate. "Na mimi naingia," alisema. "Fisi watajijua."

Ramani alilifungua daftari, na sauti ilimtoka kama ya siku ya kwanza. Aliwaambia mlango ni wa mbao nzito, lakini haulii. Bucha alimkatiza hapo hapo. Alitaka kujua upana.

"Ukiwa umebeba nusu ng'ombe begani," alisema Ramani, "unapita, na kiwiko hakigusi fremu."

Bucha alikigusa kiwiko chake cha kulia. Kilikuwa na kovu la miaka thelathini ya mlango mwembamba wa bucha, kovu ambalo kila aliyewahi kununua nyama kwake alilijua. "Ulichora hivyo tangu mwanzo?"

"Hapana. Niliupanua. Mwaka wa pili."

Wakapita ukumbini. Ngazi zilikuwa na vidato vifupi vifupi, na Mwalimu, mwenye goti bovu, alipanda akivihesabu, akashuka akivihesabu. Kumi na saba, na kumi na saba. Alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. Kando ya mlango wa nyuma palikuwa na bomba na karai, kwa mtu anayerudi kutoka kuzalisha saa yoyote ile na hataki kuingia na damu ya watu chumbani kwake. Wifi alisema "Ala!" kisha akauliza kama maji ni ya moto, akaambiwa ni ya moto. Kila chumba alichowafungulia kilikuwa kimefutwa na kuchorwa upya, karatasi imechakaa kwa kifutio, na Ramani mwenyewe alishangaa akisoma. Zile Jumamosi zote alizoosha vikombe kwa hasira kumbe alikuwa anawapimia.

Walibaki na chumba cha juu, chini ya kenchi. Daftarini alikuwa ameandika hazina: sanduku, taji, upuuzi wa siku ya kwanza. Alifunika ukurasa kwa kiganja.

"Mnafungua mlango wa mwisho," alisema. "Mwanga unaingia kwa dirisha la chini, la kutazamia ukiwa umekaa. Sakafu ni ya mbao. Na pale kwenye mwanga..." Alimtazama Bucha. "Mnaona paa."

Mwalimu aliinua kidole, Wifi akakishusha.

Bucha aliinama kuelekea daftari. Alikuwa mtu mzima, amesikia kila kitu kilichosemwa mezani pale, na alijua kabisa chumba kiko chini ya nini.

"Yuko peke yake?" aliuliza, kwa sauti ya kunong'ona.

"Ndiyo," alisema Ramani. "Yuko peke yake. Amelala. Ile pembe haijaota ncha."

Bucha alilamba kidole, akakiinua hewani. Sebuleni hapakuwa na upepo wowote. Pazia lilikuwa limetulia tuli.

"Upepo haufai," alisema.

Aliinuka, akawapa mkono mmoja mmoja kwa namna ya mtu ambaye atawaona wiki ijayo, akasema asichelewe kufunga mizigo. Mlangoni alisimama kidogo akaupima kwa macho, mwembamba kama milango yote ya mji ule, akapita upande upande. Dadu alilitia mfukoni mwa lile shati jipya. Lilikuwa dadu la Ramani, pekee la pande ishirini alilokuwa nalo, halipatikani duka lolote la karibu. Alimwona akilitia mfukoni, na kwa mara ya pili katika miaka kumi na moja alimwona Bucha akikosea, naye akanyamaza.